Pazia, Kanga na Tumbo la Miezi Saba

Agosti 1866 Salme binti Said, mtoto wa Sultani Said wa Zanzibar, aliondoka mjini kwa siri ndani ya manowari ya Kiingereza, Highflyer, akaelekea Aden. Alikuwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, na kwa binti wa kifalme asiye na mume mimba hiyo ilikuwa hatari ya roho. Alijifungua Aden Desemba mwaka uleule, mtoto wa kiume, ambaye hakukua. Baadaye, akiwa Hamburg na jina la Emily Ruete, aliingia studio akapigwa picha amevaa mavazi ya mabibi wa Zanzibar, na hadi leo akitajwa tu, picha hiyo ndiyo inayotangulia. Ukiitazama kwa utulivu utaona ajabu yake. Nguo ambazo kwao asingeonekana nazo na mwanamume asiye maharimu wake, alizivaa mbele ya kamera ya mgeni. Na lile tumbo lililoyaleta yote hayo halina picha hata moja.

Kisa cha Salme kinatenganisha mambo mawili ambayo siku hizi tunayachanganya. La kwanza ni ruhusa: kipi kionekane, na kionwe na nani. La pili ni ufundi: picha inatengenezwaje, kwa vitu gani na kwa fedha kiasi gani. Mama kijana wa Dar es Salaam au Mombasa anayepanga picha zake za ujauzito kwa pesa za mawazo huambiwa kwamba anaiga Wamarekani, tena anaiga kimaskini, kwa shuka lililotundikwa ukutani na gauni la kuazima. Kuhusu ruhusa, wasemao hivyo wana haki kiasi. Kuhusu ufundi wamepotea kabisa. Shuka lile na gauni lile ni mali ya studio zetu, na vilitumika tangu enzi za bibi zetu. Picha ya ujauzito ya bei ndogo imerithi kazi hiyo kuliko ilivyorithi chochote kutoka Hollywood.

Tuwape kwanza haki yao. Jarida la Vanity Fair la Agosti 1991 lilimweka jaladani mwigizaji Demi Moore akiwa na mimba ya miezi saba, mtupu, mkono mmoja ukisitiri matiti na wa pili ukilishika tumbo kwa chini. Aliyepiga ni Annie Leibovitz. Kuna maduka yaliyokataa kuliuza, na mengine yaliliuza likiwa limefunikwa kama yanavyofunikwa majarida ya uchi. Na hao ni Wamarekani, ambao tunapenda kudhani kwamba hawajui haya! Mwaka 1952, mwigizaji Lucille Ball aliposhika mimba kweli na mimba hiyo ikaingizwa katika mchezo wake wa televisheni, watazamaji waliruhusiwa kuliona tumbo, ila neno la kulitaja lilipigwa marufuku. Basi jalada la 1991 lilivunja mlango ambao hata kwao ulikuwa umefungwa, na mkono ule chini ya tumbo umekuwa pozi la dunia nzima. Hilo sina haja ya kulibishia.

Ila Leibovitz naye hakuuzua mkono ule. Kiasi cha miaka 400 kabla yake, Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ilikuwa na mtindo wa kuwachora mabibi wa kitajiri wakiwa waja wazito, na mchoraji Marcus Gheeraerts alijipatia jina katika kazi hiyo. Mmoja wa mabibi hao, ambaye jina lake limepotea, yuko hadi leo katika jumba la Tate mjini London, katika picha ya mwaka 1595 hivi: gauni limetapakaa lulu, tumbo limejaa, mkono umelilalia. Mabibi hao walipenda kujionyesha, bila shaka, lakini ilikuwapo pia hofu. Mke aliyekuwa hai leo angeweza kufia uzazini mwezi ujao, na picha ingebaki kwa mume na jamaa. Bibi mmoja wa zama hizo, Elizabeth Jocelin, alikaa na mimba yake mwaka 1622 akimwandikia mtoto asiyezaliwa kitabu cha nasaha, akihofu hatakuwapo kumlea. Alifariki siku chache baada ya kujifungua, na kitabu kikachapishwa 1624.

Kwenye pwani yetu hofu ileile ilizaa desturi iliyo kinyume. Kule walichora kwa kuwa mama angeweza kufa. Huku tulificha kwa kuwa mtoto angeweza kufa, na kwa kuwa jicho la hasidi liliaminiwa kuwa na mkono wake katika kifo hicho. Lugha yenyewe imehifadhi tahadhari hiyo. Mimba tuliiita uzito, mwenye nayo tukamwita mja mzito, yaani mtu aliyelemewa, bila kusema amelemewa na nini. Na siku ya kuzaa tukasema amejifungua, kama mtu aliyekuwa ndani ya kamba. Katika nyumba nyingi miezi haikuhesabiwa mbele za watu, nguo za mtoto hazikununuliwa mapema, na kanga ya juu ilifungwa kwa namna ambayo hata jirani wa mlango wa pili alibaki kubahatisha. Ndani ya mazingira hayo, picha ya tumbo ingekuwa upumbavu mtupu. Picha ni kitu kinachoshikika. Kinaweza kuibwa, kufichwa, kupelekwa kwa mganga. Anayewacheka wazee kwa hilo hajafikiria walikuwa wakizika watoto wangapi.

Kinachosahaulika ni kwamba hofu hiyo ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo imeanza kulegea. Utafiti wa kitaifa wa afya nchini Tanzania wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukatoa 104. Makadirio ya aina hii yana nafasi kubwa ya kukosea, na 104 si idadi ya kushangilia kwa aliyefiwa. Hata hivyo mwelekeo wake hauna utata. Mwanamke anayeona wenzake wakienda kliniki, wakipimwa na kurudi na watoto wao, anaweza kuuonyesha uzito wake bila kuhisi kwamba anaukaribisha msiba. Jalada la Vanity Fair halikuweza kumfanyia hilo. Mkunga wa zahanati aliweza, na sijaona mtu akimweka katika historia ya picha hizi.

Hapo ndipo ufundi unapoingia, na ufundi huu ulikwisha kuwapo ukisubiri. Picha za kwanza za watu wa mwambao wetu zilipigwa na msafara wa Mfaransa Charles Guillain kati ya 1846 na 1848, miaka michache tu baada ya kamera kutangazwa Paris. Mwishoni mwa karne ya 19 Wagoa kama kina Gomes na Coutinho walikuwa na studio zao mjini Zanzibar, wakipiga masultani, matajiri na kadi za kuwauzia wasafiri. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika mji huohuo. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, ikawa na studio ya N. V. Parekh, Lamu ikampata Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe na aliyekata na kubandika picha hadi uso wa mteja ukachanua katikati ya ua. Kadiri miaka ilivyokwenda, waliopanda ngazi za studio hizi hawakuwa tena masultani peke yao. Walikuwa makarani, mabaharia, maharusi, vijana waliopata mshahara wa kwanza, mashoga wawili waliotaka kukumbukana mmoja akiolewa mbali.

Watu hao walimudu vipi? Kwa kugawana, na hili ndilo tegemeo la hoja yangu. Pazia lililochorwa bustani na ngazi za marumaru lilikuwa ghali kwa mtu mmoja, lakini kila mteja aliyesimama mbele yake alililipia sehemu ndogo, na mwishowe lilikuwa limelipwa na mamia ya nyuso. Koti lililoning'inia kwenye msumari, saa ya mkononi, kiti cha kuchonga, chombo cha maua ya plastiki, vyote vilikuwa vya studio na vya kila aliyeingia. Mfano mzuri kuliko wote uko Bamako, nchini Mali, ambako Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948. Aliwawekea wateja suti, redio, hata pikipiki ya Vespa. Pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye nyuzi za kuning'inia ukingoni. Alitumia mwanga wa jua, na kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali alizoea kumpiga mteja mara moja tu, kwa hiyo alimpanga kwa uangalifu kabla ya kufyatua: bega lielekee huku, kidevu kishuke, mkono ulegee. Leo picha hizo zimetundikwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, na uzuri unaosifiwa hapo umetokana moja kwa moja na kubana matumizi. Angekuwa na fedha za kupiga mara 20, pengine asingemtazama mtu kwa makini kiasi hicho.

Hapa Afrika Mashariki mchezo huo ulifika kileleni kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990. Wapiga picha walijenga vibanda karibu na mahali pantoni inapotia nanga, wakavipamba kwa karatasi za kung'aa, maua bandia na kuta zilizochorwa meli, ndege na majumba ya ghorofa. Kibarua aliyeshuka pantoni alikaa mbele ya ndege, akapigwa, na baadaye akatuma picha nyumbani bara. Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa na mwenyewe. Wengi wa mafundi hao walikuwa nao watu wa bara, na ghasia za Agosti 1997 zilizowalenga watu wa bara pale Likoni ziliikumba kazi yao.

Mtu makini atauliza: kama picha za ujauzito ni uzao wa studio hizi, mbona studio hazikuacha picha za matumbo? Swali ni la haki, na jibu lake halihitaji kuzungukazunguka. Nilichosema kimerithiwa ni kazi. Maudhui ni mapya. Ila tazama studio ilikuwa ikiitwa lini: sikukuu ya Idi, harusi, kuhitimu shule, kuanza kazi, kusafiri. Kila mara ni mtu anayevuka kutoka hali moja kwenda nyingine na anataka ushahidi kabla hajasahau alivyokuwa. Mimba ni kivuko kikubwa kuliko vyote hivyo. Haikuwa nje ya studio kwa kuwa studio haikuweza kuipiga. Ilizuiwa mlangoni na hofu niliyoieleza. Hofu ilipopungua, iliingia ikakuta kila kitu kimeandaliwa, pazia, kiti na maua. Hata Marekani kwenyewe mtindo uligeuka kuelekea huku. Februari 2017 Beyoncé alipotangaza mimba ya mapacha, picha aliyopigwa na Awol Erizku, msanii mwenye asili ya Ethiopia, haikufanana na ya 1991. Amepiga magoti, shela kichwani, na nyuma yake maua yamesongwa kwa wingi ambao ungemfurahisha fundi yeyote wa Likoni. Wakati huo ikawa picha iliyopendwa kuliko zote katika Instagram. Sidai kwamba Erizku alipita pantoni. Nasema tu kwamba dada wa Magomeni anayesonga maua ya plastiki kwenye neti ya mbu yuko karibu zaidi na picha hiyo kuliko na mwili mtupu wa Demi Moore, na mtindo huo haukuhitaji kumfika kutoka ng'ambo.

Pingamizi la pili ni la waungwana zaidi: kwamba picha ya namna hii ni uongo, gauni si lake, maua si maua, na ukuta nyuma ya shuka umebanduka rangi. Pingamizi hili lina umri sawa na studio. Lakini kibarua wa Likoni hakumdanganya mama yake kwamba amepanda ndege. Mama alijua bei ya tiketi kuliko sisi. Kilichotumwa kilikuwa salamu: niko mahali ambapo ndege zinafikirika. Watazamaji wa picha za studio walizisoma kama wasomavyo pambo la bibi harusi, ambaye hakuna anayemtarajia kesho avae hivyohivyo akienda sokoni. Kuazima katika mila zetu hakujawa aibu. Maharusi wamepambwa kwa dhahabu za shangazi tangu zamani, na aliyeazima alijua siku yake ya kuazimisha itafika. Aibu ya gauni la kuazima ni mgeni wa juzi, aliyefika na maduka yanayotaka tununue jipya.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Anayepiga nyumbani kwa simu ya mkononi amepata kamera karibu bure, ila amepoteza ule mgawanyo. Pazia analilipia peke yake, gauni atalivaa saa moja, na hana fundi wa kumshusha kidevu. Ndiyo maana upigaji wa nyumbani usio na mpango huishia kuwa ghali kuliko studio ya mtaani, na mbaya zaidi. Wanaofanikiwa ni wale waliourudisha ushirika kwa njia nyingine: mashoga wanne waliobeba mimba mwaka mmoja wananunua kitambaa kimoja kirefu cha shifoni na kukizungusha, mwenye jicho zuri anakuwa mpiga picha wa wenzake, na fundi wa kweli wanamlipa kwa nusu siku moja watu wote wanne. Huyo fundi, nisisitize, alipwe. Bei ndogo ya studio za zamani haikupatikana kwa kumpunja Oza au Parekh.

Na mwanga bado ni bure, mradi mtu ajue unavyofanya kazi. Tumbo ni umbo la mviringo, na mviringo huonekana kwa kivuli. Taa ya kamera ikipiga kutoka mbele inakifuta kivuli hicho, tumbo linakuwa bapa kama sahani na ngozi inang'aa jasho. Mweke mama ubavu kwa mlango ulio wazi, hatua moja au mbili ndani ya chumba, taa zote zimezimwa: upande mmoja wa tumbo utapata mwanga laini, upande wa pili utazama polepole gizani, na jicho litaukamilisha mviringo lenyewe. Tundika shuka jeupe upande wa giza na kivuli kitalainika. Nje, nyakati ni asubuhi kabla ya saa tatu na alasiri kuanzia saa kumi, jua likiwa chini. Saa sita mchana jua la utosini huchimba mashimo machoni. Majuma ya kuanzia la 28 hadi la 34 hivi ndiyo yanayopendelewa, tumbo limeshajaa na miguu bado inamsikiliza mwenyewe. Keïta, aliyefanya kazi kwa jua la uani, asingeona jambo geni katika aya hii, isipokuwa tumbo.

Limebaki suala la sitara, na sitaki kulipita kana kwamba ni la wazee tu. Wapo wanawake wa pwani ambao kwao picha ya mwanamke haitoki nje ya nyumba, na zipo harusi ambamo wageni huombwa wasitoe simu. Hao hawajaachwa nyuma na zama, wameamua. Lakini sitara inahusu nani anaona, na haisemi kwamba kisipigwe chochote. Picha za studio ziliishi ndani ya albamu, na albamu iliishi kabatini, ikitolewa kwa mgeni aliyestahili. Picha ya ujauzito inaweza kuishi hivyohivyo: kanga mbili, mwili umefunikwa, mpiga picha ni dada, na karatasi chache zilizosafishwa mtaani zikatiwa kwenye albamu. Anayechagua njia hiyo amepunguza pia gharama, maana sehemu kubwa ya fedha za picha hizi huliwa na hamu ya kuwapendeza watu ambao hatutakutana nao.

Kanga hizo, kwa njia, zina faida moja ambayo haiko kwenye shifoni. Keïta aliulizwa uzeeni picha zake zilipigwa mwaka gani, na kwa kuwa pazia alikuwa akilibadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu, aliweza kujibu kwa kutazama kitambaa kilicho nyuma ya mteja: hili lilikuwa tandiko la mwanzo, hili lenye majani lilikuja baadaye. Kanga nayo hutoka na jina lake, inavaliwa misimu miwili mitatu mjini kote, kisha dukani haipatikani tena. Mtoto aliyemo tumboni atakapoichukua picha hiyo siku moja na kuuliza ilikuwa lini, hatahitaji tarehe nyuma ya karatasi. Shangazi atainamisha kichwa, atasoma jina la kanga, na atamtajia mwaka.